Binti wa farasi wa Njoro, na kazi iliyo mkononi



Hapa Bunia farasi hatumwoni. Tunaona ng'ombe wakiletwa kutoka Djugu na Irumu, tunaona mbuzi amefungwa nyuma ya moto akipelekwa sokoni, lakini farasi wengi wetu tunamjua katika Biblia na katika picha tu. Kuna sababu. Mbung'o wa porini huleta ugonjwa unaomwangusha farasi upesi. Kuna pia ugonjwa mwingine wa farasi wa Afrika, unaopelekwa na visubi wadogo wa usiku, ambao huweza kumuua mnyama mwenye nguvu katika siku chache. Ni katika nchi za juu zenye baridi, kama Njoro, Molo na Nakuru kule Kenya, ndipo wageni waliotoka Uingereza walifaulu kufuga farasi wengi na kuwashindanisha mbio.

Juma hili tunawaletea maisha ya mwanamke aliyekulia huko na kula jasho lake kwa kazi ya farasi. Jina lake ni Beryl Markham. Tumemchagua kwa sababu ya swali moja ambalo linarudi kila mara katika vikundi vyetu: binti akiwa na ujuzi wa kazi ambayo watu wanaiita ya wanaume, tumwache aifuate, au tumrudishe? Kuna anayependa kuchunga na kutibu mifugo, kuna anayetaka kujifunza mekaniki, kuna anayetaka kuendesha moto. Maisha ya mama huyu hayatupi jibu rahisi. Yanatupa mambo ya kupima.

Mtoto aliyeachiwa baba

Beryl alizaliwa Uingereza tarehe 26 mwezi wa 10 mwaka 1902. Baba yake, Charles Clutterbuck, alikuwa mtu wa farasi. Akahamia Afrika ya Mashariki, akapata shamba Njoro, karibu na msitu wa Mau. Akajenga mashine za kusaga nafaka na za kupasua mbao, akafuga farasi wa mbio. Mama yake alikuja pia, lakini maisha yale yalimshinda. Akarudi Uingereza pamoja na kaka yake Beryl, na Beryl akabaki na baba. Alikuwa hajafikisha miaka 5.

Nani alimlea mtoto huyo? Kwa sehemu ni baba, lakini baba alikuwa na kazi tangu alfajiri mpaka usiku. Kwa sehemu kubwa alilelewa na watu wa pale shambani, Wakipsigis na Wanandi, waliokuja kufanya kazi. Alicheza na watoto wao, akajifunza lugha yao pamoja na Kiswahili. Alijifunza kurusha mkuki, kuruka juu, kufuata nyayo za mnyama porini. Rafiki yake mkubwa alikuwa mtoto wa kiume aliyeitwa Kibii. Baba yake Kibii aliwachukua wote wawili kuwinda nguruwe mwitu. Baba huyo baadaye alikufa katika vita vya 1914 hadi 1918.

Shule Beryl alisoma miaka michache tu, huko Nairobi, na walimu hawakumweza. Wamama, jambo hilo hatulisifu. Lakini shule nyingine aliisoma kila siku, nayo ilikuwa zizi la farasi. Kabla jua halijatoka alikuwa amekwisha kusimama hapo na baba, anaangalia ni farasi gani ameacha chakula chake, ni yupi amesimama kwa kuutetea mguu mmoja, ni yupi ana joto kwenye kano. Hakuna aliyemwambia kwamba hiyo ni masomo. Ilikuwa kazi ya nyumbani, kama vile binti zetu wanavyojua kuchagua mbegu au kusikia mapigo ya mtoto mwenye homa bila kwenda darasani.

Usiku wa kuzalisha

Katika kitabu alichotoa mwaka 1942, Beryl anasimulia jambo ambalo mama yeyote aliyewahi kukaa na mzazi usiku atalielewa. Baba alikuwa na farasi jike aliyeitwa Coquette, mwenye mimba. Beryl, akiwa bado msichana mdogo, alipewa kazi ya kumwangalia. Farasi hubeba mimba karibu miezi 11. Siku za mwisho hazina hesabu kamili: unakaa, unangoja, unaangalia matiti, unaangalia tumbo limeshuka namna gani. Mara nyingi farasi jike huzaa usiku wakati watu wamelala, na uchungu wenyewe huwa mfupi. Jambo likienda vibaya, nafasi ya kusaidia ni dakika chache.

Coquette alizaa usiku, na Beryl alikuwa hapo. Alimtoa mtoto, akampasulia ngozi iliyomfunika, akamsafisha pua apate pumzi. Baba alipofika akakuta kazi imekwisha. Akampa binti yake yule mtoto wa farasi awe mali yake. Beryl akamwita Pegasus.

Tunaomba mliangalie tendo hilo la baba. Hakumpa binti nguo, wala hakumwambia tu kwamba amefanya vizuri. Alimpa mali inayotokana na kazi yake mwenyewe. Katika nyumba zetu nyingi binti anachunga mbuzi tangu ana miaka 7, lakini mbuzi akizaa, mtoto wa mbuzi anahesabiwa kuwa wa kaka. Yule Pegasus, tutaona, ndiye aliyembeba Beryl siku aliyobaki bila kitu kingine.

Mvua ilipokosekana

Baba yake Beryl alikuwa ametia sahihi mikataba ya kutoa unga kwa bei iliyopangwa mapema. Kisha mvua haikunyesha. Nafaka ikakosekana, bei yake ikapanda juu sana, lakini bei ya unga ilikuwa imekwisha kuandikwa. Kila gunia alilolisaga lilimletea hasara. Angeweza kuvunja mikataba. Hakuivunja. Alitoa unga wote alioahidi, na mwishoni akawa amefilisika. Shamba likauzwa, na farasi wakauzwa pia. Yeye akaenda Peru, Amerika ya Kusini, kutafuta kazi ya kufundisha farasi.

Wale kati yetu wanaouza unga wa mihogo na wa mahindi sokoni wanaelewa hesabu hiyo bila kalamu. Bei inapofungwa kabla ya mavuno, mwenye kuahidi ndiye anayebeba mvua na jua.

Beryl hakwenda Peru. Alikuwa amekwisha kuolewa mwaka 1919 akiwa na miaka 16 tu, na mwanaume mwenye umri kama mara mbili ya wake. Ndoa hiyo haikudumu. Kwa hiyo alikuwa kijana wa miaka 18 hivi, bila shamba, bila baba karibu, na ndoa inayoyumba. Alichokuwa nacho ni farasi mmoja na ujuzi. Akamtandika Pegasus, akafunga vitu vyake katika mifuko miwili, akapanda njia ya kwenda Molo kutafuta kazi.

Karatasi ya ruhusa

Ili mtu afundishe farasi wa mbio kwa mshahara, ujuzi peke yake haukutosha. Ilihitajika karatasi: kibali cha wakubwa wanaosimamia mbio. Beryl aliomba, akafanya mtihani, akapewa. Anahesabiwa kuwa mwanamke wa kwanza katika Kenya kupata kibali hicho.

Hapa tusimame kidogo tueleze kazi yenyewe, kwa sababu wengi wanafikiri mbio za farasi ni kazi ya siku moja, ya yule anayepanda na kukimbia. Siku ya mbio ni kama siku ya harusi. Matayarisho ni miezi. Mfundishaji anapokea farasi wa watu wengine. Kila alfajiri anaamua yupi atembezwe tu, yupi akimbie polepole, yupi akimbie kwa nguvu na kwa umbali gani. Anapima chakula cha kila mmoja, kwa maana anayekula sana nafaka bila kazi anaharibika, na anayefanya kazi bila chakula anaharibika pia. Miguu ndiyo hofu yake kubwa. Kano za nyuma ya mguu wa mbele zikivimba, farasi anaweza kumaliza maisha yake ya mbio siku hiyo. Basi anazipapasa kwa mkono asubuhi na jioni, anaziosha kwa maji baridi, anazifunga kwa vitambaa. Mkono wake ndio unaojua joto la leo limezidi la jana.

Na malipo yanatoka kwa wenye farasi. Wakikuamini, una kazi. Wakiondoa farasi wao, zizi linabaki tupu kesho yake.

Molo ni juu na ni baridi kali. Huko, siku moja, alimwona kijana anakuja kwa miguu kutoka mbali. Alikuwa Kibii, yule rafiki wa utotoni, sasa mtu mzima anayeitwa arap Ruta. Akamwambia amekuja kufanya kazi naye. Walifanya kazi pamoja kwa miaka mingi.

Waliponyang'anya mmoja, wakabakiza mgonjwa

Jambo tunalopenda zaidi katika kitabu chake ni hili. Beryl alikuwa akimtayarisha farasi dume aliyeitwa Wrack kwa ajili ya mbio kubwa ya Nairobi, ile ya farasi wa miaka 3. Kazi ilikuwa imekwenda vizuri, farasi amekuwa tayari, na watu wameanza kusema ndiye atakayeshinda. Yalibaki majuma 12 tu. Hapo ndipo mwenye farasi alipokuja kumchukua. Rafiki zake walikuwa wamemwambia si akili kumwachia msichana mnyama wa thamani namna hiyo. Akampeleka kwa mfundishaji mwingine.

Wamama, ni wangapi kati yetu hawajaonja jambo hilo? Umelima mpaka shamba limeota vizuri, ndipo anatokea mtu kusema shamba lilikuwa lake. Umekuza biashara ndogo mpaka imeanza kuzaa, ndipo inasemekana sasa imekuwa kubwa, aichukue mwanaume.

Beryl hakubaki na farasi wa kumweka mahali pa Wrack. Mtu mmoja aliyemwamini akampa farasi jike, Wise Child. Alikuwa na damu nzuri na moyo mzuri, lakini miguu yake ilikuwa imeharibiwa. Mtu wa kwanza aliyemfundisha alikuwa amemkimbiza kwa nguvu mno kabla hajakomaa, na kano zake hazikuweza kubeba tena kazi ngumu. Majuma 12 ni muda mfupi hata kwa farasi mzima. Kwa mgonjwa ni karibu na hakuna.

Beryl na Ruta walianza kazi. Walilazimika kumpa nguvu za kukimbia bila kumkimbiza sana, kwa kuwa siku moja ya kuzidisha ingeua miguu na matumaini pamoja. Waliongeza kidogo, wakapumzisha, wakapapasa, wakaongeza tena. Siku ya mbio ilipofika, hakuna aliyeweza kuahidi kwamba miguu ile itafika mwisho.

Wise Child alifika mwisho, na alifika wa kwanza. Wrack, yule Beryl aliyekuwa amemtayarisha kwa mikono yake mwenyewe akanyang'anywa, alikuwa nyuma.

Kutoka hapo wenye farasi walianza kumtafuta. Alikuwa na miaka ishirini na kidogo tu.

Ndege, na kurudi zizini

Maisha yake yalikuwa na mlango mwingine, na ndio uliompa jina ulimwenguni. Alijifunza kuendesha ndege, akapata kibali cha kubeba watu na mizigo kwa malipo, na Ruta akamfuata huko pia kutunza ndege kama alivyotunza farasi. Tarehe 4 mwezi wa 9 mwaka 1936 aliruka peke yake kutoka Uingereza kuelekea magharibi, juu ya bahari ya Atlantiki, upande ambao upepo unampiga mtu usoni. Baada ya saa 21 na zaidi, mafuta yakakosa kufika kwenye injini, na akashuka katika matope ya Nova Scotia, Kanada, akiwa na jeraha kichwani lakini mzima. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuvuka bahari ile peke yake kutoka Uingereza kwa njia hiyo.

Wengine wangebaki katika sifa hiyo. Yeye, baada ya miaka kadhaa Marekani, alirudi Kenya akiwa na miaka karibu 50, na akarudi kwenye farasi. Hapo tena akashinda: farasi aliowafundisha walichukua mbio kubwa kupita zote za Kenya, ile inayoitwa Kenya Derby, mara 6. Aliendelea kufundisha farasi hata katika uzee wake. Alikufa Nairobi tarehe 3 mwezi wa 8 mwaka 1986, akiwa na miaka 83.

Upande ambao hatupaswi kuuficha

Gazeti letu si la kumsifu mtu mpaka tukose kumwona. Kuna mambo matatu tunayotaka kuyasema wazi.

La kwanza ni shamba lenyewe. Njoro ilikuwa katika nchi za juu ambazo utawala wa Waingereza uliwagawia wageni weupe, na wenyeji wakageuka vibarua juu ya ardhi hiyo. Beryl alipigana na mlango uliofungwa kwa sababu ni mwanamke, ni kweli. Lakini arap Ruta alikulia mahali palepale, alijua farasi walewale, mikono yake ilifunga kano zilezile za Wise Child, na yeye alibaki kuwa mtumishi. Mlango mmoja ulipofunguka kwa mmoja, mwingine aliendelea kusimama nje.

La pili ni watoto. Mama yake alimwacha akiwa mdogo. Mwaka 1929 Beryl mwenyewe, katika ndoa yake ya pili, alizaa mtoto wa kiume, na mtoto huyo alilelewa Uingereza na bibi yake mzaa baba. Hatukai hapa kuwa mahakimu. Bibi na shangazi wengi hapa Bunia wanalea watoto ambao mama zao wako mbali kwa sababu ya vita au ya kutafuta maisha, na watoto hao wanakua vizuri. Tunasema tu kwamba jeraha lisilozungumzwa linaweza kupita kutoka kwa mama hadi kwa binti kama urithi, na kazi nzuri haiwezi kuliponya peke yake.

La tatu ni uzee. Mwanamke huyu aliyeshinda mbio nyingi alifika miaka ya 80 akiwa na pesa kidogo sana, akiishi katika nyumba ndogo karibu na uwanja wa mbio wa Nairobi. Kilichomsaidia ni kwamba kitabu chake, kilichokuwa kimesahauliwa miaka 40, kilichapwa tena mwaka 1983 na kikauzwa. Ilikuwa bahati. Aliishi maisha yake yote kwa kutegemea mwenye farasi amwamini, rafiki amsaidie, bahati imtembelee. Hakuwa na kikundi nyuma yake.

Wanawake 38 wa Texas

Hapo ndipo tunataka kuwavusha mpaka Marekani, kuona wanawake wengine wa farasi waliofanya tofauti.

Huko kuna michezo ya wachunga ng'ombe inayoitwa rodeo. Wanaume wanapanda mafahali na farasi wakali, wanakamata ndama kwa kamba. Wanawake nao walishindana zamani, lakini mwaka 1929 mwanamke mmoja, Bonnie McCarroll, aliangushwa na farasi huko Oregon, na alikufa kwa majeraha yake. Wakubwa wa michezo wakaanza kuwafungia wanawake milango. Miaka ya 1940 wengi waliitwa kuonyesha nguo nzuri na kuzunguka uwanja tu, si kushindana.

Mwaka 1948, katika mji wa San Angelo, Texas, wanawake 38 walikutana wakaunda shirika lao. Walitaka mambo rahisi: mashindano yenye kanuni, na zawadi za kweli. Mchezo uliokua zaidi katika shirika hilo ni mbio za mapipa. Yanapangwa mapipa 3, makubwa kama yale ya petroli, katika pembe tatu. Mwanamke anaingia na farasi wake kwa kasi, anazunguka kila pipa, kisha anarudi mlangoni mbio. Wakati wote huo ni sekunde chini ya 20. Akiangusha pipa, anaongezewa sekunde 5, na hapo amekwisha kushindwa.

Kwa miaka mingi zawadi zao zilikuwa ndogo kuliko za wanaume. Mwaka 1980 shirika liliwaandikia watayarishaji wa michezo kwamba zawadi zisipolingana kufikia 1985, wanawake hawatakuja. Watayarishaji wengi walikubali. Mwaka 1984 msichana wa miaka 14, Charmayne James, alikuwa bingwa wa mbio za mapipa akiwa na farasi Scamper, ambaye familia yake ilimnunua kwa bei ndogo. Waliushika ubingwa miaka 10 mfululizo, mpaka 1993. Mwaka 1985, katika mashindano makuu, hatamu za Scamper zilikatika katikati ya mbio. Farasi akamaliza bila hatamu, na akashinda usiku huo.

Tazameni tofauti. Beryl alikuwa na kipaji na ujuzi, lakini mtu mmoja alipobadili mawazo, farasi aliondoka zizini. Charmayne naye alikuwa na kipaji na ujuzi, lakini alipofika uwanjani alikuta kanuni, mashindano na zawadi vilivyotayarishwa na wanawake wale 38 miaka 36 kabla yake, wakati yeye hajazaliwa.

Na sisi hapa?

Tunaona mafundisho mawili, na tunaomba yafike katika kila kikundi cha Bunia na vya mitaa ya pembeni.

Ujuzi wa binti ni mali. Vita imetufundisha Ituri kwamba nyumba inaungua, ng'ombe wanachukuliwa, shamba linabaki nyuma. Yule aliyefika mjini na ujuzi mkononi, wa kushona, wa kutibu mbuzi, wa kutengeneza sabuni, alikuwa na pa kuanzia. Kwa hiyo binti akionyesha kupenda kazi fulani, hata kama si ya kawaida, tusimcheke. Tumtafutie mtu wa kumfundisha, na apate sehemu yake katika faida. Mpeni mbuzi wake. Na shule asiiache, maana kibali cha Beryl kilikuwa karatasi, na siku hizi karatasi zimeongezeka.

Ujuzi bila kikundi unategemea huruma ya mtu. Sheria yetu imesogea. Tangu mwezi wa 7 mwaka 2016, Sheria ya Familia ya nchi yetu haimlazimishi tena mke kupata ruhusa ya bwana ili afanye mkataba. Inataka mume na mke wapatane. Na ndoa ni miaka 18, kwa msichana na kwa mvulana. Lakini sheria iliyo Kinshasa haiji yenyewe sokoni kumtetea mama anayenyang'anywa meza yake. Wanaokuja ni wenzake wa kikundi. Likelemba yetu isibaki ya kugawana franka tu. Inaweza kuwa mahali ambapo binti anayetaka kazi mpya anapewa mtaji wa kwanza, na mahali ambapo mama aliyeonewa anapata watu 10 wa kwenda naye kwa shefu wa kartié.

Kwa mazungumzo ya kikundi juma hili tunaweka maswali matatu:

1. Katika nyumba yetu, mnyama anayechungwa na binti akizaa, mtoto wa mnyama ni wa nani?
2. Kuna binti au mama katika kartié yetu mwenye ujuzi ambao haujapata nafasi? Kikundi kinaweza kumfanyia nini kabla ya mwisho wa mwezi?
3. Mama wa kikundi chetu akifika miaka 80, atakuwa na nini? Tunaweka nini leo kwa ajili ya siku hiyo?

Tuleteeni majibu siku ya mkutano. Mama asiyeandika amtume mtoto aandike kwa niaba yake.